Richard Strauss: mtungaji aliyeacha kuandika nyimbo miaka 12 juu ya kontra

Mwaka wa 1906, mwanamuziki mmoja wa Ujerumani mwenye alikuwa na jina kubwa katika inchi yake aliacha kuandika nyimbo. Hakuwa mgonjwa. Mawazo hayakumuishia, na waimbaji walikuwa wangali wanamuomba. Lakini alikuwa ametia sinyatire ku kontra yenye kusema kwamba nyimbo zitakazofuata zitakuwa za mchapishaji mmoja tu. Akafunga kalamu. Miaka 12 ikapita. Alipoifungua tena, kati ya vitu vya kwanza alivyoandika kulikuwa nyimbo 12 za kumchekelea huyo mchapishaji pamoja na wenzake.

Jina lake ni Richard Strauss. Amekufa tangu mwaka wa 1949, lakini ulizo lake lingali linaulizwa hapa kwetu, ku Kolwezi, ku Likasi, ku Fungurume, kila fasi kijana anatoka studio na wimbo wake ndani ya telefone: wimbo ukiisha kutoka kinywani, ni wa nani? Na ni nani mwenye kukula juu yake? Strauss alipigania jibu la hilo ulizo maisha yake yote. Alishinda mambo mengi. Tena siku moja, juu ya kutafuta kushinda zaidi, alikubali kiti chenye hakikupaswa kukubaliwa.

SAUTI MOJA, PIANO MOJA

Mwenye kuimba katika korali ya parokia anajua soprano ni sauti gani: ni ile sauti ya juu ya wanamke, yenye inasikika hata kama wengine wanaimba kwa nguvu. Strauss aliipenda hiyo sauti kupita zote. Aliiandikia opera kubwakubwa zenye kuchezwa na orkestra ya watu zaidi ya 100, lakini aliiandikia pia vitu vidogo sana, vyenye Wajerumani wanaita Lied.

Lied ni shairi fupi lililotiwa muziki. Anaimba mtu mmoja, na mwingine anapiga piano. Hakuna ngoma, hakuna kucheza, hakuna mikro. Mara nyingi ni dakika mbili ao tatu, na imekwisha. Piano haiko pale juu ya kusindikiza tu. Inajibu, inatangulia, na mara ingine inasema kitu chenye mwimbaji anaficha.

Kama jambo hili linaonekana kuwa mbali na sisi, mtu akumbuke Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya, mwenye Hugh Tracey alimrekodi ku Jadotville, Likasi ya leo, mwaka wa 1952. Sauti moja, gitare moja, na ile gitare inazungumuza yenyewe. Mtu akiisha kusikiliza Mwenda vizuri, masikio yake yako tayari kwa Lied. Lugha na desturi ni zingine, lakini kazi ya mwimbaji na ya vidole ni ileile: kusema jambo kubwa kwa vitu viwili tu.

Katika ufundi huo, Strauss aliandika nyimbo karibu 200.

MTOTO WA MPIGA PEMBE

Alizaliwa Munich, kusini mwa Ujerumani, tarehe 11 Juni 1864. Baba yake, Franz Strauss, alikuwa mpiga pembe wa kwanza katika orkestra ya opera ya mfalme. Ile pembe iko ya shaba iliyochanganywa na zinki, vitu vyenye mkaaji wa Katanga hahitaji kuelezwa. Mama yake, Josephine, alitoka katika jamaa ya Pschorr, matajiri wenye kiwanda cha pombe. Kwa hiyo mtoto alikomalia kati ya muziki na feza, na alijua mapema kwamba hivi viwili havitembei pamoja kama hakuna mtu anayevilazimisha.

Alianza piano akiwa na miaka 4, na kutunga akiwa na miaka 6. Mwanamke mmoja wa jamaa yake, Johanna, aliimba vizuri, na nyimbo nyingi za utoto wa Richard ziliandikwa juu yake, ziimbwe pale nyumbani. Hakwenda ku masomo makubwa ya muziki; alifundishwa na wanamuziki wenye walifanya kazi pamoja na baba yake.

Mwaka wa 1885, akiwa na miaka 21, aliandika kitabu chake cha kwanza cha nyimbo, namba 10 katika kazi zake. Ndani yake kuna nyimbo zenye wanafunzi wa sauti wangali wanajifunza leo pote ulimwenguni. Mwaka ule ule alianza kazi ya kuongoza orkestra, na hiyo kazi ndiyo ilimlisha kwa miaka mingi.

PAULINE

Mwaka wa 1887 Strauss alikutana na binti mmoja wa mkubwa wa jeshi, Pauline de Ahna. Pauline alikuwa soprano na alitaka kuimba opera. Richard akawa mwalimu wake, na alipopata kazi Weimar, Pauline alimfuata kule kuendelea na masomo na kuimba.

Watu wote wenye waliwajua wanasema Pauline alikuwa na ulimi mkali. Wanasimulia kwamba mwaka wa 1894, wakati wa kurudilia opera ya kwanza ya Richard, Guntram, hao wawili waligombana mbele ya orkestra nzima. Pauline akatupa vitabu vya muziki na kuondoka. Richard akamfuata ku chumba chake. Makelele, kisha kimya. Wanamuziki wakatuma wajumbe kumuambia kwamba hawataki tena kufanya kazi na mwanamke huyo. Richard akawaeleza kwamba jambo hilo linamsikitisha, kwa sababu wamekubaliana kuoana.

Walifunga ndoa tarehe 10 Septemba 1894. Zawadi ya bwana arusi haikuwa pete peke yake. Ilikuwa nyimbo ine, namba 27 katika kazi zake, na ya mwisho kati yao inaitwa Morgen, maana yake Kesho. Ni moja ya nyimbo zinazojulikana sana katika ufundi huu. Piano inaanza peke yake na inaimba karibu wimbo mzima. Soprano anaingia akiwa amechelewa, sawa mtu anayeendelea na mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Na mwishoni hamalizi kwa nguvu. Sauti inashuka, kimya kinabaki.

Kwa miaka zaidi ya kumi, bwana na bibi walizunguka pamoja, yeye ku piano, bibi akiimba. Mwaka wa 1904 walifika mpaka Marekani. Mtoto wao mmoja tu, Franz, alizaliwa mwaka wa 1897. Karibu mwaka wa 1906 Pauline aliacha kuimba mbele ya watu. Ile sauti yenye Richard alikuwa anaandikia ikanyamaza, na hiyo nayo ni sababu moja ya yeye kunyamaza. Sababu ingine ilikuwa ndani ya makaratasi.

NANI MWENYE KUKULA JUU YA WIMBO

Ili kuelewa matata ya kontra, ni lazima kujua namna kazi ilikuwa inatembea. Mtungaji alikuwa anapeleka wimbo kwa mchapishaji, analipwa mara moja, na pale imekwisha. Mchapishaji anachapisha na kuuzisha miaka na miaka. Mwenye nyumba ya konseri anauzisha tiketi. Mwimbaji analipwa. Mtungaji, mwenye bila yeye hakuna kitu, anabaki kusikiliza makofi.

Strauss alikuwa na bahati kuliko wengi, juu jina lake lilikuwa linauzisha. Kwa simfonia moja tu, mchapishaji Bote & Bock wa Berlin alimlipa mark 35,000, feza nyingi sana kwa wakati ule. Na opera yake Salome, iliyochezwa mara ya kwanza ku Dresden mwaka wa 1905, ilimpatia feza za kujenga nyumba nzuri ku Garmisch, chini ya milima. Angeweza kunyamaza na kukula vyake.

Hakunyamaza. Tangu mwaka wa 1898, yeye na wenzake wawili, Hans Sommer na Friedrich Rösch, walianza kukusanya watungaji wa Ujerumani. Rösch alikuwa rafiki yake tangu ujana, alijua muziki na alijua sheria. Mwaka wa 1903 wakaunda ku Berlin chama cha watungaji pamoja na ofisi ya kulipisha. Mawazo yao yalikuwa nyepesi: kila mara muziki unapigwa mbele ya watu waliolipa kuingia, sehemu kidogo ya feza irudi kwa mwenye kuutunga. Hata kama iko kidogo, irudi.

Leo jambo hili linaonekana kuwa la haki. Wakati ule lilileta makelele. Wachapishaji walikasirika, wenye nyumba za konseri walikasirika, na magazeti yalimchora Strauss sawa mtu wa tamaa mwenye kupenda feza kuliko muziki. Yeye hakuona haya. Aliona kwamba mtungaji iko mfanyakazi, na mfanyakazi analipwa.

Hapa kwetu, haki za mtungaji, zile wengi tunaita droits d'auteur, zimeandikwa katika ordonnance-loi ya tarehe 5 Aprili 1986. Chama cha kwanza cha kuzilinda, SONECA, kilianza mwaka wa 1969, na SOCODA ikachukua nafasi yake mwaka wa 2011. Sheria iko. Lakini wimbo unapita kutoka telefone mpaka telefone, unapigwa ku baa na ndani ya basi, na mwanamuziki wa Lualaba anaendelea kuuliza ulizo lile lile lenye Strauss na wenzake waliuliza miaka 120 iliyopita.

NYIMBO ZA KUCHEKELEA

Turudi kwa ile kontra. Bote & Bock, wenye walimlipa vizuri, walikuwa wametia ndani ya kontra ya nyimbo zake za mwaka wa 1906 neno moja: nyimbo zitakazofuata nazo ziwe zao. Strauss, mwenye sasa alikuwa anapigana na wachapishaji juu ya haki za watungaji, hakutaka kuwapa. Na kwa sababu aliwaahidi nyimbo, alifanya hesabu nyepesi: kama hakuna nyimbo, hakuna deni. Akaandika opera, Elektra mwaka wa 1909 na Der Rosenkavalier mwaka wa 1911, na opera zikampa jina na mali. Nyimbo zikangoja.

Kisha vita ya kwanza ya dunia ikaanza. Akiba kubwa yenye Strauss alikuwa ameweka London ikakamatwa na Waingereza, na akiwa na miaka 50 ikabidi aanze tena kutafuta. Mwaka wa 1918 wachapishaji walichoka kungoja na wakataka tribinali imlazimishe.

Strauss akawapa nyimbo. Alimuomba mwandishi Alfred Kerr aandike mashairi 12, akayatia muziki kwa sauti moja na piano, akaita kitabu hicho Krämerspiegel, maana yake Kioo cha Wachuuzi. Ndani ya mashairi, majina ya wachapishaji wa Ujerumani yanachezewa moja moja. Bock katika Kijerumani maana yake mbuzi dume, na Bote maana yake mjumbe. Mtu anaweza kuwaza matusi gani yametoka pale. Hakuna mchapishaji mwenye angeweza kuchapisha vile bila kujichekelea mwenyewe. Bote & Bock wakakataa, tribinali ikawapa haki, na Strauss akalazimika kuwaandikia nyimbo zingine sita. Akachagua, kati ya maneno yote ya dunia, nyimbo tatu za Ophelia, yule binti wa Shakespeare mwenye akili zake zimeharibika. Nyimbo ziko nzuri sana. Lakini wachapishaji waliisikia salamu.

Krämerspiegel yenyewe ilichapishwa mwaka wa 1921, kopi 120 tu. Na ndani ya zile nyimbo za matusi kuna jambo la kushangaza. Wimbo wa nane unaanza na piano peke yake, kwa muda mrefu, na muziki wenyewe ni wa utamu sana, sawa mtu ametupa dhahabu katikati ya ugomvi. Strauss mwenyewe aliona kwamba hauwezi kupotea pale. Miaka zaidi ya 20 kisha, katika opera yake ya mwisho, Capriccio ya mwaka wa 1942, aliurudisha, safari hii kwa orkestra, chini ya mwezi.

Mwaka ule wa 1918 aliandika pia nyimbo sita kwa mashairi ya Clemens Brentano, zenye kuhitaji soprano mwepesi, mwenye sauti ya kuruka sawa ndege. Alikuwa anasikia sauti ya Elisabeth Schumann, kijana mwenye kipaji, na mwaka wa 1921 walizunguka Marekani pamoja. Pauline hakuimba tena, lakini piano ya Strauss ilikuwa imepata sauti ya kuzungumuza nayo.

KITI CHA SERIKALI

Mwaka wa 1933 Hitler alikamata utawala. Strauss alikuwa na miaka 68, na alikuwa mtungaji mkubwa kupita wote wenye walibaki Ujerumani. Wengine walikuwa wanakimbia, juu walikuwa Wayahudi ao juu hawakukubali kuinamisha kichwa. Bruno Walter alifukuzwa ku konseri ya Berlin, na Strauss akaongoza nafasi yake. Toscanini alikataa kwenda Bayreuth, na Strauss akaenda.

Mwezi wa Novemba 1933 serikali ikaunda baraza la muziki la inchi nzima na kumpa kiti cha prezida. Akakubali. Sababu zake zinajulikana. Alitaka sheria ya haki za mtungaji itengenezwe, na alipewa: mwaka wa 1934 muda wa haki hizo ukapanda kutoka miaka 30 kisha kifo cha mtungaji mpaka miaka 50. Ni jambo lenye alikuwa ameomba tangu zamani. Lakini vyama vyenye watungaji waliviunda wenyewe vilikuwa vimekwisha kumezwa na chama kimoja cha serikali, na baraza lile lile lenye lilibeba jina la Strauss ndilo lilitumiwa kufukuzia wanamuziki Wayahudi kazini. Haki ilirefuka kwa wengine, kwa wengine ikaisha kabisa.

Yeye aliwaza kwamba anaweza kukaa ndani na kubaki safi. Kitabu cha opera yake Die schweigsame Frau kiliandikwa na Stefan Zweig, Myahudi, na Strauss alikataa jina la Zweig litoshwe ku programu. Mwezi wa Juni 1935 alimuandikia Zweig barua, akimueleza kwamba anaigiza tu kuwa prezida, ili azuie mabaya zaidi. Polisi ya siri iliifungua ile barua. Wiki chache baadaye kiti kikamtoka, na opera ikakatazwa kisha kuchezwa mara chache tu.

Tena nyumbani mwake kulikuwa sababu ya woga. Mtoto wake Franz alikuwa amemuoa Alice von Grab, wa jamaa ya Kiyahudi, na walikuwa na watoto wawili wanaume, Richard na Christian. Kwa sheria za Hitler hao wajukuu hawakuwa Wajerumani kamili. Ndiyo maana mzee, hata kisha kufukuzwa, aliendelea kuandikia serikali muziki wenye ilitaka. Wakati wa vita alikwenda mwenyewe na gari mpaka ku mlango wa kambi ya Theresienstadt, akajitambulisha kwa jina lake, akaomba kumuona nkambo wa Alice. Walinzi wakamrudisha. Yule mama hakutoka hai, na jamaa wengine wengi wa Alice waliuawa. Jina kubwa kupita yote katika muziki wa Ujerumani halikufungua hata mlango mmoja.

WIMBO WA MWISHO

Vita ilipoisha, nyumba za opera ambamo alifanya kazi, Munich, Dresden, Vienna, zilikuwa zimebomoka. Yeye na Pauline wakaenda Uswisi, bila feza, wakingoja tribinali iamue kama alikuwa mtu wa Hitler. Mwezi wa Juni 1948 alitangazwa kuwa huru. Watu wangali wanabishana juu ya uamuzi huo mpaka leo.

Mwaka ule, akiwa na miaka 84, alirudilia soprano. Aliandika nyimbo ine za soprano na orkestra, zenye kuzungumuzia jioni na uchovu wa safari ndefu ya watu wawili. Kisha, mwezi wa Novemba, akaandika mmoja mwingine, mdogo, kwa soprano na piano tu, sawa zile za ujana wake. Unaitwa Malven, jina la maua. Alimtumia zawadi Maria Jeritza, mwimbaji mwenye alikuwa ameng'aa katika opera zake zamani. Jeritza akauweka kabatini, hakuuonyesha. Ulijulikana kisha yeye kufa mwaka wa 1982, na watu waliusikia mara ya kwanza mwaka wa 1985, ulipoimbwa na Kiri Te Kanawa.

Richard Strauss alikufa ku Garmisch tarehe 8 Septemba 1949. Pauline, mwenye ulimi mkali, wanasimulia kwamba alilia bila kunyamaza. Alimfuata tarehe 13 Mei 1950, siku tisa tu mbele ya zile nyimbo ine kuimbwa mara ya kwanza ku London.

Katika Ulaya, haki za mtungaji zinadumu leo miaka 70 kisha kifo chake. Kwa Strauss ziliisha mwisho wa mwaka wa 2019. Korali yenye kutaka kujaribu Morgen inaweza kuipiga leo bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Lakini kwa ile miaka 70, feza za nyimbo zilirudi katika nyumba ya Garmisch sawa vile mzee alitaka. Barua, kontra na maandiko yake ya muziki vilichungwa kule, na mwenye kuvichunga mpaka kifo chake mwaka wa 1991 alikuwa ni Alice, yule mke wa mtoto wake mwenye serikali ya Hitler ilitaka kumfuta. Wimbo ulikula kwa wenyewe. Ilifika pale kwa sheria na kwa chama chenye watungaji walikiunda kwa mikono yao mwaka wa 1903. Ile miaka miwili ya kiti cha prezida iliongeza haki yao miaka 20, na ndiyo iliacha doa ku jina lake.